Verediana na Mbao Mbichi

Banda langu la chakula liko mkabala na karakana ya Verediana hapa Mafinga. Kinachotutenganisha ni barabara ya vumbi, na mvua zikianza ni barabara ya tope. Kwa miaka kumi na moja nimewalisha mafundi wa karakana ile, na nimejifunza kwamba anayekulisha mchana anayajua mambo yako kuliko anayekulipa mwisho wa mwezi, kwa sababu mbele ya sahani ya maharage hakuna fundi anayechunga ulimi. Naitwa Bibie. Babu yangu alipanda huku kutoka Bagamoyo na mzigo wa vitambaa, akaoa, akasahau kurudi. Ninayosimulia niliyaona mwenyewe au niliambiwa na wenyewe, na sina undugu na mtu yeyote katika habari hii.

Verediana ni Mhehe wa upande wa Tosamaganga. Baba yake alikuwa mtunza bustani wa misheni, akamsomesha mpaka kidato cha nne. Aliolewa na Crispin, seremala aliyekuwa na jina kubwa toka hapa mpaka Makambako, na kwa miaka yote ya ndoa yao alikaa kwenye meza ya mbele ya karakana, akipokea wateja, akiandika oda, akiwashauri maharusi rangi ya kabati. Alikuwa hodari kwa kazi hiyo. Mbao zenyewe hakuzigusa, maana Crispin hakupenda mke wake anuke gundi.

Miaka sita iliyopita Crispin alianguka na pikipiki njia ya Sao Hill, akafa papo hapo. Arobaini ilipokwisha, shemeji mkubwa, Danieli, akaja kutoka Mbeya na maneno yake mkononi. Kiwanja cha karakana kina jina la baba yao. Danieli alikuwa amekwisha pata mtu anayetaka kujenga nyumba ya wageni pale. Alisema mwanamke hawezi kuwaongoza mafundi wanane, wataiba misumari, watamlewea kazini. Verediana akaomba muda. Danieli akampa, lakini kwa sharti alilolisema mbele ya ukoo mzima: siku karakana ikiyumba, kiwanja kinauzwa.

Basi akaingia kazini na hofu hiyo, na hofu ilimfanya afanye jambo la ajabu. Alichukua sauti ya marehemu mume wake. Crispin alikuwa mtu wa kufoka, tena kwa sauti iliyovuka barabara na kunifikia mimi jikoni. Lakini akishafoka alikuja hapa bandani, akaketi benchi moja na yule aliyemfokea, wakala ugali sahani moja. Verediana alichukua kufoka akauacha ugali. Ana sauti nyembamba, sauti ya kwaya, na alipoikaza ilikwaruza masikio. Fundi akija na tatizo alipokewa na makelele: kwa nini imekatika, nani alipima, unafikiri mimi sijui? Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyempelekea tatizo. Yote yakaletwa kwangu pamoja na sahani chafu.

Halafu akaenda semina. Ilikuwa ya siku tatu, Iringa mjini, kuhusu mawasiliano bora kwa viongozi na wajasiriamali. Mkufunzi aliitwa Taslim, binti wa ukoo mmoja wa wafanyabiashara wa Kihindi wa pale pale Iringa, msichana mwenye akili na maneno machache. Verediana alirudi amebadilika. Alikuwa na daftari jipya na tabasamu jipya. Mimi sina ugomvi na semina. Nina ugomvi na mtu anayerudi nayo mwilini kama gauni la kuazima, amelifunga kwa pini ili limkae.

Toka siku hiyo, kila asubuhi saa moja na nusu, alipita karakanani akisalimia kila fundi kwa jina.

“Habari za kazi, Mzee Ambrosi?”

“Nzuri, mama.”

“Habari za kazi, Gerson?”

“Nzuri, mama.”

Siku moja nilipima nikiwa nakaanga chapati. Aliwamaliza mafundi wote wanane kabla chapati moja haijageuzwa mara ya pili. Kisha alirudi mezani kwake, akaandika kwenye daftari, na nina hakika aliandika kwamba kazi ni nzuri.

Mwezi wa kumi wa mwaka juzi ilikuja oda ambayo karakana ile haikuwahi kuipata, hata enzi za Crispin. Shule moja ya bweni ya wasichana, njia ya kwenda Iringa, ilitaka madawati mia na arobaini pamoja na viti vyake, yawepo shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza. Na kama madawati yangependeza, zingefuata oda za vitanda vya mabweni mawili. Verediana alikubali palepale kwenye simu. Alikuja kunieleza akiwa amevaa kanga ya sikukuu katikati ya wiki. Nilimfurahia kwa moyo wangu wote, maana nilijua Danieli angenyamaza walau miaka mitatu.

Sasa, mbao za msindano, yaani msonobari, zikitoka kupasuliwa zimejaa maji. Fundi anayejiheshimu huzipanga kwa wiki nyingi, na kati ya ubao na ubao huweka vijiti ili upepo upite. Wakati wa kipupwe zinakauka upesi kidogo. Lakini mvua za mwezi wa kumi na moja zikishaanza, na ukungu huu wetu usioondoka mpaka saa nne, ubao unaweza kukaa pale ukanywa maji zaidi. Mbao za madawati yale zilishushwa kwenye lori tarehe za mwanzo za mwezi huo. Baada ya wiki mbili zikaingia kwenye randa.

Mimi nilijua. Sisemi nilihisi, nilijua. Mabaki ya mbao za karakana ndiyo kuni zangu, na mwezi ule mzima jiko langu lilitoa moshi, si moto. Vipande vilikuwa vinatoa povu nchani. Nilimwita Gerson, fundi wa mashine, nikamwuliza kama ananiletea kuni au ananiletea kifua kikuu.

“Da Bibie, vumilia,” akasema. “Ndiyo hizohizo tunatengenezea madawati.”

Tukacheka. Nakiri, tulicheka, na Mzee Ambrosi, ambaye ndiye fundi mkongwe kuliko wote, alikuwa ameketi pale pale na hakucheka. Alikunywa chai yake, akaenda zake.

Madawati yalipelekwa kwa wakati. Yalikuwa yanang'aa kwa vanishi. Verediana alipiga picha, akaziweka kwenye simu, akamtumia Danieli.

Simu ya shule iliingia katikati ya mwezi wa pili. Mkuu wa shule ni sista, mtu wa upole, na Verediana aliniambia kwamba upole wenyewe ndio uliomtisha. Ubao wa juu wa madawati mengi ulikuwa umejikunja. Miguu ilicheza. Mengine yalipasuka toka mwanzo mpaka mwisho, na wasichana walikuwa wanachana sketi. Sista alisema anamsubiri Ijumaa, waongee kabla hajaamua kuyarudisha yote. Siku ile ilikuwa Jumanne.

Akaenda karakanani akazima mashine mwenyewe. Nilimsikia kutoka huku, kwa ile sauti ya kukaza. Nani alijua? Nani alijua mbao ni mbichi? Wanaume wanane walitazama maranda yaliyotapakaa sakafuni. Akavuka barabara, akaja akaketi kwangu, kwenye benchi ambalo toka afiwe hakuwahi kuliketia.

“Dada Bibie, wamenimaliza. Kila siku nilikuwa nawauliza. Kila siku. Wananijibu nzuri.”

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile nilizitumia.

“Hukuwauliza, mdogo wangu. Uliwasalimia.”

“Tofauti yake nini?”

“Wewe Mhehe mzima unaniuliza mimi? Mtu akiwa amefiwa, ukifika kwake ukasema habari za hapa, anakujibu nini?”

Nikajijibu mwenyewe. Anasema nzuri. Anakukaribisha ndani, anakupa kiti, anakuuliza habari za kwako na za safari. Mnakaa kimya kidogo. Hapo ndipo anasema, isipokuwa mama ametutoka juzi. Ndivyo tulivyo huku, awe Mhehe, awe Mbena, awe huyu mjukuu wa Bagamoyo aliyelelewa na baridi. Neno zito halitangulii, linangoja mtu aketi. Naye Verediana alikuwa anapokea ile nzuri ya mlangoni na kuondoka nayo, akawaacha watu wanane na maneno yao mdomoni.

“Taslim alisema tungoje jibu,” akasema polepole. “Nilidhani nilingoja.”

“Na mimi nilijua,” nikasema. “Kuni zako zilinikohoza mwezi mzima.”

Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena. Niliona haya. Nilikuwa na banda hatua ishirini kutoka mezani kwake, na nilichofanya kwa ile siri ni kuichekea. Nilitaka kumpa chai, akakataa.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungenifokea. Halafu ningekufokea. Mimi nauza chakula, nikaona yasinihusu.”

Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilikuwa limemkaa kooni toka arobaini ya mume wake. Alisema hajui mbao. Hajui kutofautisha iliyokauka na isiyokauka, hajui kwa nini zinapangwa na vijiti, na kila alipofoka ilikuwa ili mtu asije akamwuliza swali. Nikamwambia mficha uchi hazai, na kwamba aliyepaswa kuyasikia hayo si mimi.

Jumatano asubuhi alivuka kwenda karakanani bila daftari. Niliacha sufuria nikasogea mlangoni, sitaki kudanganya kwamba nilikuwa na shughuli nyingine. Hakupita akisalimia. Alivuta kigoda, akaketi katikati ya maranda kwa gauni lake safi, na mafundi wakabaki wamesimama na misumeno yao, hawajui mikono waiweke wapi.

“Kaeni,” akasema, kwa sauti yake nyembamba ya kuzaliwa. “Mimi sijui mbao. Sikuwahi kujua. Niliogopa mkijua hilo mtanidharau.”

Halafu Mzee Ambrosi akakohoa.

“Tulijuaga, mama.”

Gerson aliinamisha kichwa ili asionekane anacheka. Verediana naye alitabasamu, na halikuwa lile tabasamu la semina. Kisha akauliza ilikuwaje, akanyamaza. Nasema akanyamaza kweli. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka mimi mwenyewe huku nje nilitaka kukijaza. Maharage yangu yaliungua siku ile. Alisubiri mpaka Ambrosi akaondoka, akaenda kwenye rundo la mbao, akarudi na vipande viwili.

“Weka shavuni,” akamwambia.

Akaweka cha kwanza, akaweka cha pili. Kimoja kilikuwa baridi kuliko kingine. Ambrosi akamwambia kile cha baridi bado kina maji, na kwamba hivyo tu ndivyo anavyojua, hana kipimo kingine. Kisha akasema yote. Kwamba zile mbao zilihitaji kungoja mpaka mvua zipite. Kwamba asubuhi moja alimfuata mpaka mezani kwake kumwambia, na kabla hajafungua kinywa akaulizwa madawati yamefika mangapi. Wengine wakaongeza yao. Walizungumza mpaka saa tano. Hakuna aliyefukuzwa, na hakuna aliyeombwa radhi kwa maneno mengi.

Alhamisi Danieli alipiga simu kutoka Mbeya. Habari mbaya huwa haichelewi kufika. Alimshauri Verediana amwambie sista kwamba aliyewauzia mbao aliwadanganya, au kwamba mafundi walimwangusha, na kwamba amekwisha wafukuza wawili. Ndivyo biashara zinavyookolewa, alisema. Na kama shule itayarudisha madawati, Jumapili yeye atafika na yule mnunuzi wa kiwanja.

Ijumaa Verediana alikodi gari dogo, akamchukua Mzee Ambrosi. Haya ya huko nimeyasikia kwa wote wawili, na hawapishani. Sista aliwapitisha darasani kwanza, wakayaona madawati kwa macho yao. Kisha ofisini akamwuliza Verediana imetokea nini.

“Mbao zilikuwa mbichi,” akasema. “Fundi wangu alijua. Mimi sikumpa nafasi ya kuniambia, kwa sababu nilikuwa nimeshakuahidi mwezi wa kwanza.”

Sista akauliza kama wanaweza kuyatengeneza upya yote kabla ya Pasaka, maana wakaguzi walikuwa wanakuja. Verediana aliniambia kwamba neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye meno. Neno ndiyo lingeokoa vitanda vya mabweni, na pengine kiwanja. Akageuka kwa Ambrosi.

“Mzee, wewe unasemaje?”

Akangoja. Ambrosi alimtazama yeye, akamtazama sista, akatazama kofia yake magotini.

“Haiwezekani, Sista. Mvua hii haikaushi kitu. Mia moja nitakupa mwezi wa nane. Arobaini mwezi wa tisa. Yaliyopo tutakuja kuyakaza miguu, watoto wasiumie.”

Sista alifikiri sana. Alisema vitanda atavipeleka kwa mtu mwingine, kwani hawezi kungoja. Madawati atawaachia wayatengeneze, kwa hizo tarehe, na wasiongeze hata siku moja.

Njiani kurudi wakafika karibu na Ifunda. Hapo Ambrosi akasema, bila kuulizwa, kwamba haikuwa mara ya kwanza. Miaka kumi na mitano nyuma karakana ilitengeneza mabenchi ya kanisa, na yalipasuka namna ileile kabla mwaka haujaisha. Verediana aliijua habari hiyo. Mji mzima uliijua. Ilikuwa habari ya Ambrosi aliyeharibu mabenchi kwa ulevi, na Crispin aliyemsamehe kwa huruma. Ndiyo maana Ambrosi, na ufundi wake wote, hakuwahi kufanywa msimamizi, na ndiyo maana Verediana alikuwa akimwona anamfuata mezani akafikiri ni mzee anayetafuta visingizio.

“Sikuwa mlevi, mama,” akasema. “Nilimwambia Crispin bado mbichi. Akasema padre anataka kabla ya Krismasi. Yalipopasuka, padre alikuja, na Crispin akasema ni mimi. Nilikuwa nimesimama palepale.”

“Miaka yote hiyo hukumwambia mtu?”

“Alikuwa rafiki yangu. Halafu akafa.”

Verediana alimwomba dereva asimame. Alishuka akasimama kando ya barabara, malori ya mbao yanampita. Aliponisimulia haya kesho yake alilia, na mimi nililia, kwa sababu nami nilikuwa nimewahi kumtania Ambrosi juu ya pombe mbele ya wenzake, na yeye alikula chakula chake akaosha mikono.

Jumapili Danieli alifika bila kungoja kusikia shule imeamua nini, mnunuzi amemwacha kwenye gari. Wakakaa sebuleni kwa Verediana, yeye na shemeji yake, shangazi mmoja wa ukoo, na Mzee Ambrosi ambaye Verediana alimwita mwenyewe. Nami nilikuwepo kwa kisingizio cha kupika chai. Verediana alieleza habari za shule bila kupunguza, vitanda vilivyokosekana vikiwemo. Kisha akaeleza habari ya mabenchi ya kanisa, na jina la mume wake akalitaja.

Danieli akaweka kikombe chini.

“Marehemu hasemwi vibaya, shemeji.”

“Sijamsema vibaya. Huyu mzee ana jina lake, na lilikuwa humu ndani kwetu. Nimemrudishia.”

Shangazi akaguna, na nilielewa kwamba naye alikuwa na la kusema juu ya mabenchi yale siku nyingi. Danieli akamgeukia Ambrosi kwa ile sauti ya mtu anayejua jibu.

“Haya, fundi. Wewe unayejua. Bila vitanda, karakana hii itafika mwaka mpya?”

Ambrosi alimtazama Verediana. Nilitamani Verediana amfanyie ishara, amkonyeze, amwambie aseme itafika. Nilikuwa nimesimama na birika la chai. Verediana hakumsaidia.

“Sijui,” akasema Ambrosi. “Inaweza kufika, inaweza isifike. Nikiona haifiki nitamwambia mama, naye atakwambia siku hiyohiyo.”

Danieli akangoja Verediana amsahihishe mzee. Tukangoja wote. Verediana alichukua birika mkononi mwangu, akamjazia Ambrosi kikombe, kisha akamjazia na shemeji yake. Nje yule mnunuzi alipiga honi mara moja. “Mradi nitaambiwa,” akasema Danieli, akatoka kwenda kumwambia arudi Mbeya.